Mshale Uliolala

Évariste alikuwa dereva mzuri mpaka siku alipopewa gari zuri. Nasema hivyo mapema, asije mtu akaniambia kwamba alizaliwa na roho mbaya. Alizaliwa Kongolo, karibu na daraja la reli, kwa baba mkulima wa mihogo na mama aliyemchapa kila alipompita mtu mzima bila salamu. Alifika Kalemie ndevu ndiyo kwanza zinaota, akajifunza gari, na kwa miaka kumi na minne akaendesha kamyo, lori la saruji, kati ya Kabimba na mjini.

Kamyo ile ilikuwa takataka, tusidanganyane. Mlango mmoja ulifungwa kwa kamba ya nailoni, na moshi wake uliingia ndani badala ya kutoka nje. Kwenye tablo, pale mbele ya usukani panapokaa saa na taa zote, mshale wa mwendo ulikuwa umekufa zamani na hakuna aliyejisumbua kuufufua. Évariste hakuuhitaji. Mwendo aliusikia makalioni, aliusikia kwenye meno yaliyogongana, aliusikia kwenye upepo uliomjaza vumbi la saruji mpaka kope zikawa nyeupe. Ikifika kama sitini hivi kamyo nzima ililia, naye akaona haya, akapunguza. Akikaribia soko alitoa kichwa dirishani na kuomba njia: "Mama, sogeza beseni kidogo! Aksanti, Mama!" Wanawake wakamrudishia utani wao mchafu, naye akapita pole pole akicheka. Miaka kumi na minne, hakumrushia mtu hata tone.

Kisha akaja Président Omer. Hakuwa rais wa kitu chochote ambacho mtu angeweza kukitaja. Aliuza samaki wa barafu, akapata, akaanza kujiita Président, na watu wa mji huu, kwa uvivu wao, wakaitikia. Akaagiza gari jeusi la kifahari kutoka mbali, likavuka ziwa toka Kigoma chini ya turubai, na siku liliposhushwa bandarini watu waliacha shughuli zao kwenda kulishangilia, kana kwamba wangelipanda wao. Président alitaka dereva asiyekunywa pombe. Wote walimtaja Évariste.

Sasa niseme habari za tablo ya gari lile, maana ndiyo chanzo cha uchafu wote huu.

Ilikuwa kioo kitupu, kipana, chenye kuwaka. Katikati palikuwa na duara la mwendo, na namba zake zilipanda mpaka mia mbili na themanini. Mia mbili na themanini, katika mji ambao lami yake ukiianza na wimbo huwezi kufika kwenye kiitikio! Kwa hiyo ukienda sitini, mwendo uliokuwa ukiiliza kamyo, mshale ulikuwa bado umelala chini kushoto, kama mtu aliyeamshwa asubuhi akakataa. Duara lenyewe lilikuwa la kijivu, rangi ya uji uliopoa. Ukizidi themanini ndipo ukingo wake ulipoanza kuwaka rangi ya chungwa, kidogo kidogo, ukizunguka, na kadiri ulivyokanyaga ndivyo ulivyozidi kung'aa. Aliyelichora duara lile alijua anachokifanya. Alijua kwamba mtu mzima akipewa taa ya kuwasha, atataka kuiwasha.

Na ndani palikuwa kimya. Vioo vilifungwa, baridi ilipuliza, ngozi ya viti ilinukia marashi ya Président. Barabara haikusikika makalioni wala kwenye meno. Tablo ilimjulisha Évariste kila kitu: joto la nje, upepo wa kila gurudumu, mlango upi haujafungwa vizuri, mkanda upi haujavaliwa. Ukuta ukiwa nyuma yake ililia pii-pii. Ilijali sana ukuta, kwa sababu ukuta ungelichubua gari. Kwa ajili ya mtu aliyesimama kando ya dimbwi na mzigo wake kichwani, haikuwa na taa hata moja.

Wiki ya kwanza Évariste aliendesha kama alivyozoea. Président, nyuma, akaguna: "Weye Évariste, uko unaendesha gari ao unasindikiza maiti? Angalia tablo! Mushale umelala!" Évariste akatazama, na kweli, mshale ulikuwa umelala, na akaona aibu. Hapo ndipo alipopotea, kama mnataka kujua. Zamani aliona haya gari likilia. Sasa aliona haya mshale ukilala.

Mwezi wa pili alikuwa akikanyaga hata akiwa peke yake. Kwenye kile kipande cha lami alijipa dakika moja ya rangi ya chungwa, akipunguza tu akiona shimo. Nyumbani alianza kutembea amevimba mabega. Alimkaripia jirani kwa kuegesha mkokoteni mlangoni kwake. Mkewe, Noëlla, alimwambia siku moja, akimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza: "Papa Ketsia, tangu umeingia mule ndani ya ile gari, hata kusalimia unasalimia na kidevu." Alicheka, akidhani anasifiwa.

Lakini kulikuwa na mtu mmoja ambaye Évariste alikuwa hajawahi kumvunjia heshima, naye ni mama mkwe wake, Mama Angélique wa Kituku, muuza ndakala, wale dagaa wakavu. Mnaijua mila. Mkwe hamtazami mama mkwe usoni, hampi mkono, hali naye sahani moja. Wakikutana njiani, ni yeye mkwe anayetoka njiani. Évariste alikuwa ametoka njiani miaka kumi na mmoja. Siku moja alitoka akasimama ndani ya miiba, amevaa kandambili, mpaka mama yule akapita na beseni lake bila haraka, akimwachia salamu hewani kama ilivyo desturi. Wakitaka kuongea, Noëlla husimama katikati na kuyapitisha maneno, hata kama wote watatu wako katika ua mmoja na kila mmoja anasikia. Neno la mkwe halijafika mpaka binti alifikishe. Mji mzima ulimsifu Évariste kwa hilo. Mama Angélique mwenyewe alijivuna naye sokoni: mukwe wangu, alisema, ana adabu ya zamani.

Alhamisi moja mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri. Saa mbili asubuhi Évariste alitoka peke yake kwenda kumchukua Président uwanja wa ndege. Hakuchelewa. Ninalisema hilo kwa sababu baadaye alijaribu kujidanganya kwamba alichelewa. Alifika pale barabara inapopita kando ya soko, penye dimbwi ambalo halikauki mvua wala kiangazi, kwa kuwa wauza samaki humwaga humo maji ya kuoshea matumbo ya samaki, na mbuzi hufanya humo wanavyotaka, na mfereji wa choo cha jirani haujulikani unakoishia ila kwa pua. Alikanyaga. Ukingo wa duara ukawaka. Aliona kitu kama wingu la kahawia likiruka upande wa kulia, akabonyeza kitufe cha maji ya kioo, akaendelea. Ndani hapakusikika kitu.

Uwanja wa ndege, wakati anamngoja Président, alizunguka gari kuliangalia. Mlango wa kulia ulikuwa mchafu kupita kiasi. Na juu ya matope yale walikuwa wamenata ndakala, wadogo, wakavu, kama ishirini, mmoja ameingia kwenye tundu la mshikio. Évariste alisonya. "Hawa bamama wa soko na uchafu yao!" alisema kwa sauti, akaanza kuwabandua kwa ukucha mmoja mmoja, amekunja uso, kisha akanusa vidole na kuvifuta kwenye majani. Mimi nikifika hapa katika habari hii huwa natamani kuvishika vile vidole nikavirudisha puani kwake.

Jioni alimkuta Noëlla amekaa kizingitini, macho mekundu.

"Papa Ketsia, ulisikia mambo ya Mama? Kuna jeep moja nyeusi imemumwagia maji ya ule mutaro muzima-muzima. Kinywani, kichwani, kila pahali. Beseni ikaanguka, ndakala yote ikaenda na maji. Na haikusimama! Ni Mama Yasmine, wa meza ya pembeni, njo alimuosha pale pale sokoni, mbele ya watu, sawa mutoto. Ametapika tangu muchana."

Mji una magari meusi, Évariste alijiambia, hata matano, hata sita. Lakini vidole vyake vilikuwa vinajua. Alivisikia vikinuka kutoka pale alipokuwa amesimama.

"Na wakasemaje?" aliuliza.

"Watu walimwambia amulaani ule shofere pale pale. Mama akakatala. Amesema: 'Nitamungoja mupaka siku ya Mungu, hii Jumapili, misa ikiisha. Kama mwenye kosa hakuje mbele yangu, ndipo nitafungua kinywa.'" Noëlla akajipangusa. "Mi natamani asikuje. Natamani Mama afungue kinywa, imukute yeye na batoto yake."

Ketsia na mdogo wake walikuwa ndani, wanagombania kijiko.

Kwa mila, laana ya mama mkwe haiulizi njia. Inamfuata aliyekosa, na kama aliyekosa ni mkwe, inawapitia wajukuu. Évariste alikuwa Mkristo, alibatizwa, aliimba kwaya miaka miwili. Usiku ule hilo halikumsaidia kitu. Na kulikuwa na jambo lingine zaidi ya laana: akienda kujitaja, Noëlla angeweza kuchukuliwa na ndugu zake na kurudishwa Kituku, maana aliyemwaga choo juu ya mama mkwe ameivunja ndoa kwa mkono wake. Kunyamaza kuliwaweka watoto hatarini, na kusema kulimweka mke hatarini.

Ijumaa aliendesha tena. Nilitegemea, kama mlivyotegemea ninyi, kwamba angekanyaga taratibu. Alifanya hivyo mpaka penye lami. Kisha, bila kuamua, mguu wake ukashuka wenyewe, na alipotazama, ukingo umeanza kuwaka. Alisimamisha gari kando, akafungua mlango, akatema. Tablo ikapiga kengele kumjulisha kwamba mlango uko wazi.

Jumamosi alijaribu kumweleza Président. Hakumwambia yote, alimwambia tu kwamba gari lilimrushia mama mmoja maji machafu pale sokoni. Président alikuwa nyuma na simu yake. Yeye na wenzake wa Lubumbashi wana mchezo: kila mmoja hupiga picha duara la gari lake likiwaka na kuwatumia wengine, wakishindana nani amewasha zaidi. Watu wazima hao, wenye vitambi na wajukuu.

"Ulikuwa kwenye ngapi?" aliuliza Président.

"Tisini, Patron. Karibu mia."

"Tisini pale sokoni?" Président akacheka mpaka akakohoa. "Bravo! Na hukupiga foto? Mununulie ule mama beseni ingine, affaire imeisha. Dimbwi njo yenye makosa, si weye."

Évariste alimtazama katika kioo cha ndani: midomo ya mafuta, kidole kikipangusa simu. Alimchukia. Lakini alichokichukia zaidi ni kwamba neno lile "bravo" lilikuwa limemgusa mahali, kidogo sana, na pakasikia raha. Angeweza kupajeruhi mahali hapo kama angejua pako wapi.

Jumapili, baada ya misa, alimwambia Noëlla waende Kituku kumpa mama pole. Alibeba kuku mweupe. Noëlla alishangazwa na kuku, kwa kuwa pole haina kuku mweupe; kuku mweupe ni wa mtu anayekuja kuosha kosa. Lakini alidhani ni mapenzi ya mkwe, na njiani alimshika mkono, kitu ambacho alikuwa hajakifanya siku nyingi. Évariste aliuacha mkono wake ushikwe na kila hatua ilimwuma.

Uani, Mama Angélique alikuwa kwenye kiti cha plastiki, ameelekea jikoni. Alikuwa amepungua. Shingo yake ilikuwa na vipele vyekundu pale yale maji yalipokaa. Évariste alikaa kwenye benchi mbali, ubavu, macho chini, kama siku zote. Noëlla alisimama katikati. Majirani kadhaa walikuwa wamejikusanya penye uzio. Walikuja kusikia laana.

"Mama," alisema Noëlla, "Papa Ketsia amekuja kukusalimia na kukupatia pole."

"Mwambie aksanti. Kuku iko ya nini?"

Noëlla akamgeukia. Mficha uchi hazai, na Évariste alikwisha kujificha siku tatu. Akasema, akilitazama vumbi:

"Ambia Mama, ile jeep nyeusi, njo mimi nilikuwa ninaendesha."

Noëlla hakugeuka kwa mama yake. Alisimama vilevile, mdomo wazi kidogo, akimtazama mumewe kana kwamba amemletea kitu kilichooza na kumwambia akishike. Mama Angélique alikuwa hatua nne tu kutoka pale. Alisikia kila kitu, na majirani walisikia. Lakini neno lilikuwa halijafika.

"Anasema nini?" aliuliza mama.

Kuku alijitikisa mikononi mwa Évariste. Mtu mmoja penye uzio alianza kusema "Yesu wangu", akanyamazishwa.

"Noëlla, nimeuliza mume wako anasema nini."

"Anasema..." Akaanza tena. "Mama, Papa Ketsia anasema njo yeye alikuwa anaendesha ile jeep." Na akalia, bila kujifunika uso.

Mama Angélique hakushtuka. Alikunja kanga yake magotini vizuri.

"Mwambie nilijua. Vioo vya pembeni viko na giza, lakini ile ya mbele haina. Nilimuona kabla maji haijanifikia. Njo maana nilikatala kulaani. Nilisema nimungoje aje mwenyewe. Sasa umuulize kitu moja. Macho yake haikuwa kwangu, haikuwa hata barabarani. Ilikuwa chini, na alikuwa anacheka. Umuulize alikuwa anacheka na nini."

Noëlla alimgeukia. "Ulikuwa unacheka na nini?"

Évariste angetoa mwezi mzima wa maisha yake asilijibu swali hilo. Njia ya mwongo ni fupi, na yeye hakuwa na njia yoyote iliyobaki. Akaeleza kwa sauti ya chini. Akaeleza duara, namba, mshale unaolala ukienda pole pole, ukingo unaowaka ukikanyaga. Maneno yaliyokuwa na maana ndani ya gari, hapa uani, mbele ya shingo yenye vipele, yalikuwa upuuzi mtupu. Na hayakuwa yamekwisha, kwa kuwa Noëlla alipaswa kuyafikisha.

"Anasema," alisema Noëlla, "kuna duara mbele ya usukani. Ukikanyaga sana, inawaka rangi ya chungwa." Akasimama kama mtu anayetafuta yaliyobaki, akaona hayapo. "Ni ile tu, Mama. Ilikuwa imewaka. Njo alikuwa anachekea."

Hakuna aliyecheka penye uzio. Évariste alitamani wacheke.

Mama Angélique aliinuka, akaja mpaka penye benchi, akachukua kuku kutoka mikononi mwake kwa mikono yake mwenyewe. Noëlla alirudi nyuma kwa hofu. Miaka kumi na mmoja yule mama hakuwahi kumsogelea hivyo. Kisha akamshika Évariste kidevu, akakiinua, akamtazama usoni, na akasema naye moja kwa moja, bila mtu katikati.

"Mukwe wangu amekuja, ameleta kuku, nimemusamehe. Noëlla na batoto watabaki kwako. Lakini ule shofere hajakuja hapa. Yeye angali mule ndani ya gari, na yeye sijamusamehe." Akaachia kidevu. "Kesho saa mbili nitakuwa pale pale kwenye dimbwi, na beseni yangu kichwani. Ni wewe njo utamwambia ule shofere."